Nyungu Mbele ya Mkwe

Mwezi wa saba Mafinga. Sakitu imelala juu ya magogo
nami nimeamka na kipanda uso:
jiwe chini ya jicho la kushoto,
jiwe chini ya jicho la kulia,
nikiinama kufunga kamba za buti
yote mawili yanaviringika mbele.

Miaka sita napasua misonobari.
Unga wa mbao umepanga chumba
nyuma ya pua yangu,
na kodi haulipi.

Kiwandani kila mtu ni mganga.
Kihwele wa msumeno mkubwa: "Ulanzi, kaka. Upashe moto, unywe, ulale."
(Kwake ulanzi hutibu hata msiba.)
Msigwa: punje tatu za kitunguu saumu, utafune, usiteme.
Nikatafuna. Siku mbili
hakuna aliyekaa nami kwenye benchi la chai,
na ni mimi tu niliyekuwa sijui kwa nini.

Nesi wa zahanati alinibonyeza mashavu kwa vidole gumba.
"Chumvi," akasema, "na maji yaliyochemka yakapoa.
Ya bomba usimimine puani.
Ukiona homa, jicho likivimba,
siku ya kumi ikipita na hali ni ileile,
usikae nyumbani unanukia majani. Rudi."
Nikaosha. Maji yakaingia tundu moja,
yakasita kama mgeni aliyekuta kufuli,
yakarudi kwa njia yaliyojia.

Na nyumbani yuko mkwe.
Amekuja toka Ifwagi kumkanda binti yake,
mtoto ana wiki tatu.
Tangu aje, mimi hula nimeutazama ukuta,
yeye huzunguka nyuma ya nyumba kukikwepa kivuli changu.
Maneno yetu hupitia kwa Levina:
"Mwambie baba mtoto kuni zimeisha."
"Mwambie mama nimesikia."
Na nyumba yenyewe ni vyumba viwili.

Usiku wa nane hakumtuma mtu.
Nikasikia sufuria inatua sakafuni.
"Baba, kaa."
Majani mabichi ya mlingoti,
aliyavunja mwenyewe mpakani mwa shamba la kampuni,
maganda ya limau, tangawizi iliyopondwa kwa hasira.
Mtoto akapelekwa chumba cha pili, mbali na maji ya moto.
Blanketi likanishukia kichwani.
"Usiinamie sana, mvuke utakubabua. Funga macho. Vuta."

Chini ya blanketi hakuna mkwe, hakuna mkwilima.
Kuna giza linalochuruzika.
Nilikohoa. Nilipenga
kama trekta la magogo linalokataa kuwaka asubuhi,
nikatoa sauti ambazo mkwe hapaswi kuzisikia
hata akiishi miaka mia.
Naye, kutoka nje huko: "Tena."
Kimya kidogo. "Tena, baba. Pua haina adabu,
hata ya marehemu mume wangu haikuwa nayo."

Jiwe la kushoto likasogea.
Kitu kikapasuka taratibu, kama barafu ya ndoo
inapoguswa na jua la saa tatu.

Harufu ya kwanza ilikuwa soksi zangu.
Ya pili, mafuta ya taa.
Kisha moshi, kisha maharage yaliyoungua jana
ambayo niliyasifia.

Levina akaja na mtoto baada ya sufuria kuondolewa.
Wiki tatu nimembeba binti huyu
nikimjua kwa uzito na kelele tu.
Nikaweka pua kwenye utosi wake:
maziwa yaliyochacha kidogo, mafuta ya mgando,
na kitu cha tatu nisichokuwa na jina lake.
Kihwele angesema mtogwa,
ulanzi wa alfajiri, haujaanza ukali.
Nikabaki hapo. Nilivuta tena, na tena,
bila kuambiwa.

Asubuhi jiwe la kulia bado lipo, dogo.
Mkwe amekwishazunguka nyuma ya nyumba.
Sauti yake inapita dirishani, kwa Levina:
"Mwambie baba mtoto
ile sufuria aioshe mwenyewe."