Ukuta Unaotoka Jasho

Siku walipouleta ukuta huu sokoni Kongowea, nilicheka.
Mabomba ya udongo, mia mbili na kumi,
yamelazwa moja juu ya jingine, midomo wazi
kama makinda yanayongoja mdudu.
Juu yake sola, si kubwa kushinda sinia ya pilau,
na pampu inayokoroma kama paka aliyeshiba.
"Jua likizidi," akasema fundi Tsofa, "ndipo maji yanapopanda.
Adui yako ndiye atakayekupepea."
Wewe, nikamwambia, mie nauza vitunguu mwaka wa kumi na tisa,
jua halijanipepea hata siku moja.

Aliyeyafinyanga ni Mwanatumu wa Matuga,
naye hakueleza chochote.
Alichovya kidole, akanigusa shingoni, akapuliza.
Basi.
Nikaukumbuka mtungi wa nyumbani, kwenye pembe ya ukumbi,
ule tuliokatazwa kuufuta tumbo:
uacheni utoke jasho, ndiyo kazi yake.

Tukavuta viroba, tukakaa karibu.
Sisemi palikuwa na baridi. Joto la Mombasa limeloa tayari,
lavaliwa kama kanga mbichi,
na zilikuwako siku za Machi, ukuta na mimi
twatazamana tu, sote twatoka jasho,
hakuna wa kumfaa mwenziwe.
Lakini upepo wa saa nane ukipenya mabombani
ulitoka upande wa pili umepunguza hasira,
na mchicha wa Kadzo ulisimama hadi alasiri.

Kisha tukaambiwa wakubwa wanakuja.
Usiku ikaletwa rangi, bluu ya mafuta, ya kung'aa.
Wakapaka bomba kwa bomba,
na katikati, kwa herufi nyeupe: SHUKRANI.
Asubuhi ukuta umependeza kama bwana harusi.
Pampu ikakoroma, maji yakapita ndani kwa ndani,
tone halikutoka nje.
Utepe ukakatwa. Wakubwa wakajipepea kwa karatasi za hotuba.

Mwanatumu alikuja Jumatatu. Hakumtukana mtu.
Aligonga bomba kwa ukucha, akasikiliza.
"Mmewaziba pumzi," akasema.
Tukasugua siku nne, kwa msasa, kwa vifuu, kwa vigae.
Tsofa akanunua maji ya mkokoteni,
maana ya kisima yana chumvi,
na chumvi nayo huziba, ila yenyewe huziba kwa adabu.

Haikutoka yote. Yapo mabaka ya bluu,
na lile neno kubwa, tulipochoka, lilikuwa limebaki SHUKA.
Sijui linaambiwa joto, sijui wanaambiwa wakubwa.

Leo kuna mawingu, pampu imelala.
Nimeweka kiganja juu ya udongo, pale pasipo rangi.
Umelowa.
Nimejifuta uso kwa mkono huohuo.
Ukuta sikuufuta.