Hatujawaona Bado

Kibanda cha Chilewa, Ihumwa, nyuma ya mashine ya kusaga:
mabenchi sita, turubai, jenereta yenye kikohozi.
Mlangoni nakaa mimi na kopo la sarafu,
mia mbili mtu mzima, mtoto akikaa chini bure.
Leo ni sehemu ya kumi na nne.

Chombo kimetua kwenye sayari nyekundu kama njia ya Mvumi kiangazi.
Viumbe wa huko wanaitwa Wenyeji, maana wageni ni wale wa kwenye chombo,
na Wenyeji hatujawaona bado.
Tumeona kikombe kinafuka moshi mezani, hakina mtu.
Tumeona mlango uliofungwa jana, leo uko wazi.
Tumemwona nahodha akikodolea kitu nyuma ya kamera,
yaani nyuma yetu,
na kibanda kizima kikageuka.

Mtafsiri, ambaye naye hatujawahi kumwona, sauti tu,
anasema, "Hapo sasa, mtazamaji, kaa vizuri,"
kisha anatuacha hapo.

Bunge letu huanza jenereta ikizimwa. Halina spika.
Ndahani fundi wa kuchomelea anasema ni wa chuma,
amevisikia vishindo: "Tani tatu, haipungui."
Foibe wa zahanati anakataa, chuma hakinywi chai.
Ni wadogo, asema, wadogo wa kwenye darubini,
wamo tayari ndani ya damu ya nahodha,
ndiyo maana kila mtu kule anajikuna tangu sehemu ya tano.
(Tangu aseme hivyo, na sisi tunajikuna.)
Yoramu wa zabibu anasema ni upepo, basi:
"Nyie hamjalala shambani mwezi wa nane."
Mtoto wa Mbeleje anasema wana macho magotini,
na hakuna aliyeweza kumpinga.

Sechelela husema mwisho, akifunga karanga zilizobaki.
"Mimi nawajua. Ndio waliokuja shambani kwangu usiku.
Asubuhi nikakuta bikoni, ina namba,
katikati ya mtama,
na nyingine, na nyingine, mpaka chooni.
Nimezunguka kila ofisi. Jiwe wanalijua.
Mkono uliolichimbia, hakuna anayeujua."
Tukacheka. Kisha tukaacha kucheka.
Ndahani akasema, "Basi wana mikono. Hilo tuliweke."

Sehemu ya ishirini, ya mwisho, mlango ukafunguka wote
wakatutolea
kitu cha mpira, kijani, mkia una mshono,
kinatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake.
Hakuna aliyepiga kelele. Mtafsiri mwenyewe alikohoa.
Tulitazamana kama wakwe walioletewa bibi harusi siye.

Foibe ndiye aliyetuokoa.
"Huyo," alisema, akipapasa kandambili zake gizani,
"ni mbwa wao."

Eh! Mbwa! Wenyewe wangetokaje hivi hivi, mbele za watu?
Ndahani akajipiga paja. Yoramu akauliza habari za mnyororo:
kama ni mbwa, nani alimfunga,
na kwa nini kamfungulia leo?
Mtoto akasema hata mbwa ana macho magotini, tazameni vizuri.
Tukarudisha nyuma mara tatu,
mafuta yakatuishia hapo hapo, mguu mmoja hewani.

Walirudi makwao wakibishana,
tochi za simu zikiruka kutoka bikoni hadi bikoni.
Sechelela alibaki nyuma. Nilimwona akiinama,
karanga moja juu ya kila jiwe, haijamenywa,
kama anayetega, au kama anayekaribisha, sikumuuliza.

Asubuhi nilipita na ndoo zangu.
Juu ya kila jiwe, ganda tupu.