Magadi ya Wete

Agosti hii Sib haina huruma. Kiyoyozi kinatoka jasho
kuliko sisi: tone, tone, ndani ya ndoo chini ya dirisha.
Mundhir ameikinga tangu asubuhi. Nikamwambia, mwaga.
Akasema, mama, haya ndiyo maji safi kupita yote nyumbani.
Hayajaona bomba, hayajaona tangi, chumvi hayaijui.

Alasiri akatandika gazeti kwenye meza yangu ya jikoni.
Penseli mbili, kazichonga ncha huku na huku.
Chaja ya simu ambayo simu yake ilishauzwa,
waya zimechunwa ngozi.
Na vichupa viwili vya mafuta ya udi, vitupu,
bado vinanukia Idi iliyopita.

Akawasha.
Hakuna kitu.
Tukayatazama maji, maji yakatutazama.
Kumbe usafi wenyewe ndio unaokataa:
umeme, akanieleza, unataka pa kukanyaga,
kama mtu anayevuka wadi kwa kurukia mawe.

Akanyoosha mkono kwenye kopo la chumvi.
Hapo yakachemka bila moto, lakini ikaja harufu
ya bwawa la kuogelea la hoteli, kali, ya kuchoma pua.
Nikapiga kelele: Zima! Fungua madirisha!
Joto la nje likaingia bila hodi, likakaa.
Sumu imelala humo ndani ya chumvi,
na mimi miaka yote naitia kwenye mchuzi.

Ndipo nikayakumbuka magadi.
Wifi yangu Ghaniya aliyaleta kutoka Wete,
mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kati ya kanga na karafuu.
Uwanja wa ndege askari akamuuliza, unga gani huu?
Akajibu kwa Kiarabu chake cha kuokoteza: wa maharage.
Kijiko kimoja tu, nikamwambia mwanangu.
Kimoja. Na usikijaze.

Sasa yakaja.
Mapovu membamba kama uzi,
penseli hii mengi, penseli ile machache.
Magharibi ikatukuta hapo hapo. Tukaswali kwa zamu
ili vichupa visibaki peke yake.
Kimoja kilijaa, cha pili kikafika nusu.
Mbili kwa moja, Mundhir akasema, kila mara, dunia nzima.
Nikawahesabu wanangu: wawili hapa,
mmoja Al Ain kwa shangazi yake.
Nikanyamaza. Si kila kitu fumbo.

Akaziba kichupa kwa kidole, mdomo chini,
akasogea hatua tatu kutoka kwenye pazia.
Mimi nimeshika kiberiti na bismillahi.

Pa!

Mlio mdogo, wa bisi ndani ya sufuria lenye kifuniko.
Moto sikuuona. Niliona ukungu kwenye kioo,
kisha tone moja, lisilotosha ulimi wa njiwa.
"Ndiyo yale yale," akasema. "Yamerudi."

Baba yake aliingia saa tatu usiku, viatu mkononi.
Yeye huendesha lori la maji, tangi la buluu,
bahari iliyovuliwa chumvi, mlango hadi mlango.
Akavitazama vichupa, akaitazama chaja.
"Wenzako wanachoma gesi wapate maji.
Wewe unapasua maji upate gesi.
Na bili nitaipasua mimi?"
Mundhir hakucheka. Alikuwa akiandika daftarini:
Chumvi, hapana. Magadi, ndiyo. Dakika sabini na mbili.
Halafu, kwa mwandiko mdogo, pembeni:
penseli moja inaliwa, nyingine haiguswi. Kwa nini?

Kopo la magadi nimelificha nyuma ya gunia la mchele.
Niliyaona macho yake yakilifuata.