Kijaluba cha Rimma

Kopeki arobaini, ukikipata.
Dukani hukukipata; ulikipata kwa Rimma,
naye alikipata kwa shemeji yake wa bohari,
na shemeji hatumtaji.

Kijaluba cha plastiki, cheusi, urefu wa kidole,
ndani mche wa masizi, nta na sabuni,
kando yake kiburashi kama mswaki wa mwanasesere.
Maji hayakufaa. Walijaribu, hayakushika.
Kilichotakiwa ni mate.

Perm, majira ya baridi, mwaka wa sabini na nne.
Choo cha ofisi ya simu, ghorofa ya pili,
kioo kimepasuka pembe hadi pembe,
wanawake watatu wa zamu ya usiku wanapokezana:
Rimma anatema, anasugua, anapaka,
Zoya anatema, anasugua, anapaka,
mama yangu Faina anageukia ukutani kwanza, kwa haya,
kisha anatema.

Damu nzito kuliko maji, sawa.
Mate je? Nani aliyapima?

Kope zikishagandamana
kama miguu ya nzi aliyezama kwenye asali,
huja kazi ya pini.
Pini ya nguo, ncha imepashwa moto wa kiberiti,
unatenganisha ukope na ukope,
unyoya mmoja tu kutoka kwenye mboni.
Rimma ndiye aliyekuwa na mkono.
Usiku kucha alichomeka nyaya bila kukosea,
Omsk kwa Kiev, mume kwa mke, mdai kwa mdaiwa.
"Usipumue," alimwambia mama,
na mama hakupumua, wala hakufumba.
Ukitaka kujua unamwamini nani,
mpe pini, umpe na jicho.

Na kulia marufuku.
Si amri ya chama, ni amri ya sabuni:
chozi moja, jicho linawaka kama umemenya vitunguu vya harusi,
mashavuni mistari miwili,
na zamu nzima inajua.
Kwa hiyo Zoya alipoletewa barua kutoka jeshini
aliisoma, akaikunja,
akaomba beseni,
akanawa uso, akajipangusa taratibu,
ndipo akalia.

Kisha likaja suala la nyumba.
Vyumba viwili, ghorofa ya tano, bomba la maji moto.
Orodha ilimtaja Rimma, muhuri ukamtaja mama.
Mimi nilikuwa tumboni; labda ni mimi niliyeutia muhuri wino.
Rimma hakusema neno.
Alifunga kijaluba, tak,
akakitia mfukoni,
na miaka ishirini na mitatu mama alitoka mlangoni
na kope zake za kuzaliwa, rangi ya mabua.
Hata maskara za Kifaransa zilipofurika sokoni
hakununua. Zile za kuchovya, alisema,
mtu hujipaka peke yake.

Nilimsindikiza wodi ya macho.
Rimma, mtoto wa jicho pande zote mbili,
kesho kisu.
Mama akaketi kitandani. Salamu fupi.
Rimma akapapasa chini ya mto, akatoa kitu;
mche umekauka, umepasuka kama tope la kiangazi.
"Bado kinafaa," akasema, "ila sioni pa kutemea."

Mama akatema. Safari hii hakugeukia ukutani.
Akasugua hata weusi ukakumbuka kazi yake.
Akachomoa pini kwenye kola ya blauzi.
"Usipumue."

Muuguzi alipoingia aliwafokea
kama wasichana walioshikwa na sigara:
Mgonjwa wa upasuaji! Masizi! Mate!
Akili zenu mmeziacha wapi?
Akaleta pamba, akafuta kila kitu.
Rimma akacheka hadi chozi likamtoka,
likayeyusha kilichobaki, likamchoma.
"Kumbe," akasema, "ni ile ile."

Ninacho mimi sasa, kabatini, karibu na vifungo.
Mche una mabonde mawili yaliyochimbwa na burashi:
la kulia la Rimma,
la kushoto la mama, aliyekuwa mashoto.
Zoya sijui alisugua wapi.