Shavu Lisilo Kioo

Lilifika Mbale na vumbi la Mombasa,
limekaa kama friji iliyojifunza kukimbia.
Nyuma, kushoto, kioo kimeikunja kona
kikamwagika hadi ubavuni.
Kulia, bati tupu.

Bwana Okware, polisi mstaafu,
miaka thelathini na mmoja ya kunyoosha safu za watu,
alilizunguka mara tatu uwanjani mwa gereji,
kisha sauti ya gwaride ikamrudia:
"Hili limegongwa!
Wajapani wameziba dirisha, wakaniuzia kilema.
Kata hapa. Liwe sawa."

Fundi Wamono habishani
na mtu mwenye kiinua mgongo mfukoni.
Akaniita mimi, Khainza, mashoto wa gereji,
nikaingia ndani na utepe wa kupimia.
Nikagonga. Du. Du.
Nikafunua zulia: nguzo, nene kama paja la fahali,
na bawaba zimeing'ang'ania.
Mlango wa nyuma wa gari hili haupandi juu,
unafunguka kama kabati,
na uzito wake wote unalala hapa.

"Mzee, halikugongwa. Lilizaliwa hivi.
Upande ule unaona, huu unabeba."

Akautazama mkono niliomnyooshea bisibisi.
"Na wewe, nyumbani hawakukufunza?"

Walinifunza.
Bibi aliufunga huu wa kushoto kwa ukambaa wa mgomba
kila tulipokalia sahani ya malewa,
na wa kulia ukajua tonge, ukajua salamu.
Spana tu ndiyo iliyoukataa.

Sikumwambia hayo. Wala sikumwonyesha Wanale,
jabali zima limesimama mashariki mwa mji
na magharibi tambarare mpaka macho yachoke,
na sijasikia mtu akiidai Serikali
mlima wa pili.

Basi Wamono, asiyetaka kupoteza mteja wala nguzo,
akapiga msasa, akafungua kopo la rangi nyeusi,
akachora dirisha.
Tabaka tatu, na vanishi.
Akalitilia hata mng'ao, mstari mweupe mmoja,
jua la saa nne lisilotua.

Okware akarudi nyuma hatua sita, visigino pamoja.
Kushoto, tazama. Kulia, tazama.
"Sawa," akasema. Akalipa bila kuomba apunguziwe.

Mwezi mzima nililiona sokoni.
Watoto waliweka viganja kandokando ya macho,
paji la uso kwenye rangi,
wakimtafuta aliyeketi ndani
wakakuta pua zao.
Mvua iliponyesha vioo vyote viliingia ukungu
isipokuwa hicho.

Kisha Jumanne moja akaja polepole, bila saluti.
Alikuwa akirudi nyuma, akageuza shingo kulia
kutazama kupitia dirisha lake jipya,
na pipa la maji la jirani halikusogea.

Nilipiga nyundo tangu asubuhi, kwa mkono ninaoujua,
bati likarudi mahali pake
kidogo kidogo, likinung'unika.
Rangi tu ilikuwa imepasuka,
ufa mrefu kutoka pembe hadi pembe, na matawi yake.

"Nipake upya, mzee?"

Akainama. Akaufuata ufa kwa kidole,
akaupuliza vumbi.

"Acha," akasema.
"Sasa ndiyo linafanana na kioo."