Fundo Moja

Trafiki alivuta futi yake
kutoka alama ya tairi hadi kandambili moja ya bluu,
akaandika: mita kumi na nane.
Kona ya Kisesa ilinuka dagaa wiki nzima.

Luhende, dereva, alisema breki.
Fundi wa Mabatini alisema alimwonya tajiri,
tajiri akajibu, piga hivyo hivyo, zitafika Sirari.
Tajiri alisema lori lote si lake, lake tela tu,
kichwa ni cha shemeji yake aliyeko Kahama.
Watu wa bima walikuja na viatu safi,
wakahesabu magunia ambayo watu hawajayabeba,
wakasema mzigo ulizidi, karatasi haina kazi.
Mwenye mzigo alisema yeye hajui magari.
Anajua dagaa.

Misoji hakusema kitu.
Alikuwa ameinama, anapanga mafungu ya nyanya,
gunia la kwanza lilipochomoka.

Hakimu atauliza, wakili atajibu,
kesi itasogezwa mpaka mwezi wa tatu,
na mama yake Misoji atakopa nauli tena.

Mimi hawajaniita.
Mimi kuli tu wa Mwaloni,
jina langu halimo kwenye risiti yoyote.
Lakini usiku ule mvua ilikuwa inakuja kutoka ziwani,
nikaifunga kamba ya nyuma fundo moja
pale pa mawili,
nikapokea elfu nne zangu, nikaenda kula.

Siku hizi nafunga matatu.
Hata mfuko wa chumvi nyumbani,
mke wangu anaufungua kwa meno.