Milisekunde Kumi na Sita

Hapa Oulu, mwezi wa Desemba,
jua huchungulia saa nne
kama mdai aliyekuta mlango umefungwa;
saa nane limekwisha ondoka.

Mimi hulipwa kutengeneza jua.

Chini ya meza yangu kuna mashine ambayo haijapewa jina,
sanduku la kijivu, nyaya nje,
feni yake inalia kama mbu aliyenyimwa sikio.
Kila picha ina milisekunde kumi na sita
na wagawanaji ni wengi:
mwendo na mgongano huchukua tano,
sauti moja, maadui wenye akili tatu,
Pentti wa moshi na vumbi huomba mbili, hukopa ya tatu,
halipi.
Zangu nne.
Kwa hesabu hii, kufumba na kufumbua ni likizo.

Katika nne hizo natuma miale
itoke jichoni, kinyume na ilivyo duniani,
ikabishe hodi ukutani, iulize rangi,
idunde dimbwini, idunde dirishani,
irudi na habari za taa iliyo nyuma ya mlango.
Mwale mmoja haujui kitu.
Elfu moja ni fununu.
Nikipata mamilioni, chumba kinaanza kuaminika.

Zamani tulidanganya, nakiri.
Kivuli tulikipaka sakafuni kama rangi ya kucha.
Kioo cha bafuni tulikivunja makusudi
mchezaji asije akauliza uso wake uko wapi.
Na zile lifti ndefu, zenye muziki wa kuchosha?
Diski ilikuwa inatafuta pumzi.
Siku hizi unafungua mlango, mji mzima uko pale,
umeshavaa.

Jumamosi tuliita watoto waje kujaribu.
Urho, mtoto wa kaka yangu, miaka tisa,
alipewa upanga, joka, na nusu saa.
Joka lilinguruma peke yake.
Yeye alikuwa jikoni, ameinamia kijiko:
ndani yake dirisha, juu chini,
na ndani ya dirisha, yeye.
"Shangazi, nani amekichora hiki?"
Hakuna. Kimejileta.

Saa tisa tulitoka, giza totoro.
Akavunja mchirizi wa barafu pale paani mwa baiskeli,
akauinua kwenye taa ya barabarani,
akauzungusha ghafla, kushoto, kulia, tena,
akijaribu kuuwahi mwanga ukichelewa.

Haukuchelewa hata mara moja.

Nilisimama pale na glavu zangu,
nikaona wivu.